Mtoto Aliyelia Kwenye Kaseti

Nilipofungua karakana ya baba, wiki moja baada ya kumzika, harufu ya mtarakwa ilinifikia kabla sijavuka kizingiti. Kama ulisoma shule ya msingi wakati wangu unaijua harufu hiyo, hata kama jina la mti wenyewe hulijui. Ni harufu ya penseli inapochongwa kwa wembe asubuhi, mwalimu hajaingia, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kwetu Gatitu harufu hiyo ilijaa nyumba nzima. Ilikuwa kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye nywele zangu. Shuleni waliniita Penseli, na jina likakaa.

Chini ya meza yake ya kazi maranda yalikuwa bado yamelala, mengine meupe, mengine mekundu, kama alivyoyaacha. Juu ya rafu, nyuma ya makopo ya misumari, niliona gunia lililofungwa kwa kamba ya katani. Sikuhitaji kulifungua ili nijue kilichomo. Nililishusha, nikalipangusa vumbi kwa kanga, nikaketi nalo sakafuni.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, milango, meza za hoteli, na mtu akifa mtaani alitengeneza jeneza. Karakana ilipakana na chumba chetu cha kukaa, na kati ya viwili hivyo palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo nilijua baba anafanya nini bila kumwona. Msumeno nilikuwa naujua, patasi nilikuwa naijua, na randa, ambayo niliipenda kuliko vyote, ilikuwa na sauti ndefu kama mtu anayevuta pumzi baada ya kulia sana. Tuliishi wawili. Mama alikufa kabla sijaanza shule. Baba aliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu mimi ndiye binti wake wa kwanza na nilibeba jina la mama yake mzazi, kama desturi yetu ilivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami nilikuwa na machache kuliko yeye. Zilipita siku tukala chakula cha jioni bila neno ila “chumvi” na “asante.”

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote wakati ule. Sauti ya mama nilikuwa nimeisahau. Mikono yake niliikumbuka, na namna alivyofunga kitambaa kichwani, na sweta yake ya kijani ya kwaya nilikuwa nalala nayo, imekunjwa chini ya shavu langu. Lakini nikijaribu kumsikia, ilikuja sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, au ya yule mama aliyetuletea maziwa. Niliona aibu, kama mtoto aliyepewa kitu akishike kidogo tu, akakipoteza njiani.

Nilikuwa darasa la tatu Ndirangu alipokuja na kaseti. Ndirangu alikuwa fundi wa redio pale madukani, mwembamba, bisibisi haikosi nyuma ya sikio, na aliongea kwa niaba ya watu wote wasioongea. Alisimama mlangoni mwa karakana akiitikisa ile kaseti kama kiberiti.

“Mzee, nilikuwa napanga takataka zangu, na unajua nimepata nini? Kwaya! Ile siku walikuwa wanajitayarisha kwenda mashindano, wakaniambia niwarekodi wasikie makosa yao. Mama ya huyu mtoto alikuwa ameimba hiyo siku.”

Baba aliweka randa chini. Tulikuwa na redio kaseti ndogo yenye spika moja, na pale pale akaiweka juu ya meza ya kazi, kati ya misumari. Wimbo ulipoanza, ulikuwa kama watu thelathini waliofungiwa ndani ya debe. Baba aliinama hadi sikio lake likagusa redio.

“Simpati,” alisema.

“Na hutampata!” Ndirangu akacheka. “Hii redio yako imewakalisha wote kwa kiti moja. Mimi nilirekodi na mashine ya maiki mbili, moja huku, moja huku, kama masikio. Niliiweka katikati ya kanisa, juu ya stuli. Mtu ako na masikio mawili, Mungu hakukosea hesabu. Sasa wewe unataka mashine kama ile, na spika mbili, uziweke mbalimbali. Bibi yako alikuwa anasimama wapi?”

“Kushoto. Wa tatu, mbele ya dirisha.”

“Basi utampata kushoto, wa tatu, mbele ya dirisha. Ukimkosa, kuja unipige na nyundo.”

Walikubaliana hapo hapo. Baba angemtengenezea Ndirangu mlango mpya wa duka, na Ndirangu angetuachia ile mashine yake, pamoja na spika mbili alizozitoa kwenye gari lililogongwa kule Sagana. Masanduku ya spika baba angeyatengeneza mwenyewe.

Hakunieleza lolote, na mimi sikuuliza. Niliona tu akichagua mbao za mtarakwa zilizokauka vizuri, zile alizoziweka kando muda mrefu, akakata masanduku mawili madogo ya ukubwa mmoja. Kwa siku mbili nilienda shule nikiwahesabu watoto wagonjwa wa mtaani kwetu, nikijiuliza ni wawili gani. Ndipo akatoboa matundu ya mviringo upande wa mbele, nikapumua.

Ndirangu alikuja kuyakagua. Alibisha sanduku kwa kidole kama mtu anayebisha mlango, akatega sikio.

“Unasikia? Hii sanduku inaongea. Hatutaki iongee, tunataka inyamaze, watu waimbe. Weka kitu laini ndani. Blanketi mzee, sweta, kitu yoyote ya sufu.”

Baba alitazama huku na huku. Kisha aliingia chumbani kwangu, akatoka na sweta ya kijani. Aliikata katikati kwa mkasi, bila haraka, nusu akaikunja ndani ya sanduku moja na nusu ndani ya lingine. Alipokuwa anapigilia ubao wa nyuma alinitazama.

“Si ni sawa, Maitu? Ni yake. Inamfaa.”

Nikatikisa kichwa kuwa ni sawa. Usiku huo nililalia mkono wangu. Nilijiambia si neno, sweta imeenda ili sauti irudi.

Sasa kila Jumapili mchana, baada ya ibada na chakula, baba alifunga mlango wa chumba cha kukaa na kazi ikaanza. Sijawahi kuona mtu akitafuta kitu kwa subira namna ile. Kwanza aliweka masanduku chini, na kwaya ikaimba kutoka sakafuni kama watu waliozama hadi shingoni. Akayapandisha juu ya stuli ndefu, ili midomo ya waimbaji iwe mahali midomo ya watu waliosimama inapokuwa. Aliyaweka kwenye kona, na sauti nene za wanaume zikavimba zikafunika kila kitu, kwa hiyo akayatoa kwenye kona. Alitundika mablanketi yetu ukutani kwa sababu mbao zilirudisha sauti. Alisogeza sanduku moja kwa upana wa kidole, akarudi kuketi, akasikiliza, akainuka, akalisogeza tena. Hata kifundo cha kuongeza sauti alikipima. Ndirangu alikuwa amemwonya, “Usifungulie sana kama mtu wa baa. Watu hawaimbi hivyo. Weka sauti ya watu.” Alipopata mahali panapofaa, alikwaruza alama ya msalaba kwenye saruji kwa patasi kuukuu, moja kwa kila stuli, na ya tatu mahali pa kiti changu.

“Kaa hapo,” aliniambia. “Fumba macho. Ukuta ukiondoka, sema.”

Sikuelewa ukuta unaondokaje. Nilifumba macho nikangoja. Kabla ya wimbo kulikuwa na muda ambao hakuna anayeimba, na redio yetu ya zamani ilikuwa ikiuonyesha kama mchanga unaomwagika tu. Sasa nikasikia benchi likilia mtu alipohama. Mzee mmoja akakohoa, mbali, nyuma, na kikohozi chake kikanionyesha urefu wa kanisa lote. Juu ya mabati ndege alikuwa akitembea, kucha zake zikigonga. Kiatu cha mwalimu wa kwaya kikapiga sakafu mara tatu. Halafu watu thelathini wakavuta pumzi kwa pamoja, na mimi, bila kupenda, nikavuta nao.

“Umeondoka,” nilisema.

Kweli ulikuwa umeondoka. Mbele yangu hapakuwa na mbao wala kabati letu la vyombo. Palikuwa na safu ya watu, wafupi mbele na warefu nyuma, na ningeweza kumnyooshea kidole kila mmoja. Bado nakumbuka furaha ya baba. Aliketi nyuma yangu akaweka mkono juu ya bega langu, jambo ambalo hakuwa analifanya.

“Kushoto,” alinong’ona. “Wa tatu. Sauti ya pili. Unamsikia?”

Nilisikiliza kushoto kwa nguvu zangu zote. Kulikuwa na wanawake wanne au watano pale mbele ya dirisha, na sauti zao zilikuwa zimesokotana kama kamba. Ningewezaje kumtoa mmoja ambaye simjui? Mkono wa baba ulikuwa bado begani, mzito, na una joto.

“Ndiyo,” nilisema. “Namsikia.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kudanganya, na kila Jumapili nikaongeza. Aliuliza, nikajibu. Tuliketi kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake, yeye akiwa na mkewe, na mimi nikiwa peke yangu na watu thelathini nisiowajua. Nilikuwa nimetoa sweta. Nilikuwa nimeitoa bila kusema neno, na sikuwa nimepata chochote badala yake.

Lawama zote nilimtwika mtoto. Katika ubeti wa pili, upande wa kulia, mtoto mdogo alianza kulia. Alianza kwa kunung’unika, kisha akapaza, kilio cha hasira, cha mtoto aliyewekwa chini hali anataka kubebwa. Alikuwa karibu na ile stuli ya Ndirangu kuliko mtu yeyote, kwa hiyo alifunika kwaya nzima. Nilimchukia mtoto yule. Nilijiambia hapo ndipo mama alipoimba vizuri, na nisingemkosa kama si yeye. Halafu kulikuwa na nyayo kwenye saruji, mwanamke akaja akamnyamazisha, na kwa sehemu iliyobaki ya wimbo mwanamke huyo aliimba akiwa pale pale mbele, karibu sana, akiharibu mpangilio wa kwaya. Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, na sikumsikiliza. Ila nakumbuka nilimwonea wivu yule mtoto. Alilia tu, na mama yake akaja.

Jambo moja lilinishangaza. Kila tulipofika kwenye kilio hicho, baba alifumba macho na uso wake ukakunjamana kidogo. Niliujua uso huo, ndio aliokuwa nao siku jino lilipomsumbua. Nikaamini kilio kinamuumiza kama kinavyoniumiza mimi, na kwamba anakivumilia kwa sababu hana la kufanya.

Mimi nilidhani ninalo. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona akipiga randa. Mbao inaletwa chafu, ina matope na alama za msumeno. Anaondoa ngozi ya juu, anaondoa tena, na chini yake kunatokea mistari ya mti, mizuri, ambayo ilikuwepo tu muda wote. Nilifikiri kaseti nayo ni hivyo. Kilio kiko juu, sauti ya mama iko chini yake, na kurekodi juu ya kilio ni kukikwangua kitoke.

Ndirangu alikuwa amevunja yale meno mawili madogo nyuma ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Lakini hakuna mtoto wa wakati wetu asiyejua dawa yake. Unararua kipande cha karatasi ya daftari, unakitafuna, unaziba tundu. Ilikuwa Jumamosi, baba alikuwa kazini upande wa pili wa ukuta, na nilikuwa nikitafuna karatasi ya hesabu nikijiambia kuwa kesho, akiniuliza kama namsikia, nitasema ndiyo na itakuwa kweli.

Nilitafuta mahali pa kilio, nikabonyeza vitufe viwili pamoja, kile chekundu na kile cha kuchezesha. Spika zikanyamaza. Mashine ilizunguka kimya, nami nikaanza kuhesabu moyoni. Kilio kilikuwa cha kuhesabu hadi kumi na tano. Nilikuwa nimekijua vizuri kwa kukichukia. Nilifunga mdomo nikapumua kwa pua. Nilipokaribia kumi na tano, baba aliita kutoka karakana.

“Maitu! Kuja unishikie hii mbao.”

“Naja!” niliitikia.

Ukiitwa na baba ulikwenda. Nilitoka mbio nikamshikia ubao mrefu wa mlango wa mtu, akaupiga randa kutoka mwisho hadi mwisho, akaugeuza, akapiga upande wa pili. Nilishika kwa mikono yote miwili, maranda yakinianguka miguuni, na mashine nilikuwa nimeisahau. Nilipoikumbuka nikakimbia kurudi, utepe ulikuwa umekwenda mbali. Nikabonyeza kitufe cha kuzima. Baba alikuwa anaingia kunywa chai, kwa hiyo sikuthubutu kusikiliza. Nilirudisha kaseti mwanzo, nikajikalia.

Kesho yake alikuwa amemwalika mgeni, jambo ambalo halikuwa limetokea nyumbani kwetu tangu matanga ya mama. Alikuwa Mama Kariuki, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyesimama kando ya mama kwenye kwaya kwa miaka yote. Alikuja na nduma za moto kwenye sufuria, akatazama mablanketi ukutani.

“Ati hapa ndipo kanisa limehamia? Mchungaji anajua?”

“Kaa hapo kwa kiti ya Maitu,” baba alisema, na alikuwa karibu kutabasamu. “Fumba macho.”

Nilisimama mlangoni. Kikohozi kikaja, ndege akatembea kwenye mabati, watu wakavuta pumzi. Mama Kariuki alijishika mdomo.

“Uui! Huyo ni mimi! Na huyo kando yangu ni yeye. Wewe! Hii ni kitu gani umefanya, baba?” Machozi yalimtoka huku akicheka. Ubeti wa kwanza ukaisha. Akainua kidole. “Ngoja, ngoja. Sasa ndio ile pahali. Sasa yule kasumbufu anaanza kulia.” Akanigeukia. “Yaani ulituaibisha, wewe! Tumejipanga vizuri, mwalimu amekunja uso, na wewe uko hapo chini karibu na mashine ya Ndirangu, unapiga nduru. Mama yako akaacha mstari. Akatembea kutoka kule dirishani akiimba tu, hakukosa hata neno moja, akakubeba, akakuambia, ‘Nyamaza, si mimi niko hapa,’ na akamalizia wimbo akiwa hapo hapo na wewe mgongoni. Sisi tulimcheka! Lakini mwalimu alisema hakuna siku aliimba vizuri kama hiyo.”

Nilipiga hatua moja kuielekea mashine. Ubeti wa pili ulianza. Mtoto akanung’unika mara moja. Halafu kukawa na mlio mfupi, kama kufuli, na kwaya ikatoweka. Zilibaki sauti za chumba kitupu. Mtu mdogo alikuwa anapumua karibu sana. Na nyuma yake, ng’ambo ya ukuta, randa ilikuwa inapita juu ya ubao.

Mama Kariuki alifumbua macho, akatazama mlango wa karakana, kisha akamtazama baba, aliyekuwa ameketi mbele yake.

Baba aliinuka akazima mashine. Alitoa kaseti, akaigeuza, akaiona ile karatasi iliyotafunwa. Aliitoa kwenye tundu moja, kisha la pili, kwa ncha ya kisu, polepole, kama anavyotoa mwiba. Hakunipiga. Hakupaza sauti. Ninafikiri angenipiga ingekuwa rahisi kuandika haya.

“Kwa nini ulifanya hivi?”

“Nilitaka kumsikia,” nilisema.

“Si ulisema unamsikia? Kila siku nakuuliza, unasema ndiyo.”

Mashine ya Ndirangu ilikuwa inanuka joto kidogo, na nduma zilikuwa zinapoa.

“Mimi nilidhani tunasikiliza pamoja,” baba alisema.

“Wacha mtoto,” Mama Kariuki alimwambia. “Alikuwa mdogo, atajua aje?” Akanivuta akanikalisha kwenye goti lake, ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo. “Alikuwa anaimba hivi, sikiliza.” Akaimba ule mstari wa sauti ya pili, kwa upole, akinitikisa. Ilikuwa sauti nzuri, ya Mama Kariuki. Nilisikiliza hadi mwisho kisha nikasema asante, kwa sababu alikuwa anangoja.

Baba alimpelekea Ndirangu kaseti kesho yake, akarudi nayo saa hiyo hiyo. Ndirangu alikuwa amesema, bila hata kuicheza, kwamba ikishafutwa imefutwa. Jioni ile mablanketi yalirudi kitandani. Masanduku, mashine na kaseti viliingia ndani ya gunia, na gunia likapanda kwenye rafu. Hatukulizungumzia tena. Nilimaliza darasa la nane, nikaolewa Karatina, nikazaa, nikawa namtembelea baba kila mwezi na unga na sukari. Tuliketi chumba kile kile, kila mmoja akitafuta neno. Mara kadhaa nilitaka kumwambia kwamba sauti ile, sasa nikijua ilikuwa ya nani, ninaikumbuka kidogo, nyayo zake, na namna ilivyokuwa inakaribia bila kuongezeka nguvu. Nilikuwa nimemsikia mama yangu kila Jumapili, nikimwonea wivu mtoto wake. Lakini ningelianzaje hilo? Alikuwa ananimiminia chai, na siku ikawa imeenda.

Kwa hiyo wiki ile baada ya mazishi nilifungua gunia. Masanduku hayakuwa yamepasuka hata mahali pamoja. Baba alikuwa fundi. Nilibeba mashine hadi mjini Nyeri, kijana mmoja akabadilisha mkanda wa mpira uliokuwa umeyeyuka, akaniuliza kama siwezi kununua kitu cha kisasa, mama. Niliporudi nilizitafuta alama za patasi kwenye saruji ya chumba cha kukaa. Nilipangusa vumbi, nikazipata zote tatu. Nikaweka stuli juu ya zile mbili, masanduku juu ya stuli, nikatundika mablanketi mahali pa misumari yake. Nilitumia mchana wote. Kiti nikakiweka juu ya alama ya tatu.

Nilidhani nitasikia kwaya. Nilitaka angalau ubeti wa kwanza, na mama, wa tatu kutoka kushoto. Lakini utepe ulikuwa umesimama pale pale alipouzima Jumapili ile, maana tangu siku hiyo hakuwahi kuucheza. Nilipobonyeza kitufe, kilichotoka ni chumba. Chumba chetu, mchana, na mvua ndogo ambayo sikuikumbuka ikidondoka ukingoni mwa bati. Mtoto mwoga alikuwa anapumua kwa pua, karibu nami kiasi kwamba nilihisi nimgeukie. Na kwa mbali kidogo, upande wa kulia, ng’ambo ya mbao, randa. Ilikwenda hadi mwisho wa ubao, ikarudi. Nilisikia maranda yakianguka. Nilisikia akisimama kupuliza vumbi, akipapasa ubao kwa kiganja kama alivyofanya siku zote, akihama mguu.

Nilikuwa nimefumba macho.

“Maitu! Kuja unishikie hii mbao.”

Nilikuwa nimeshasimama, mkono uko kwenye komeo la mlango wa karakana, kabla sijakumbuka.